Gotha: Nyumba ya Watoto 18

Zamani ukinitajia Ujerumani, akili yangu ilikimbilia magari, mpira na bia. Gotha wala sikuwahi kuisikia. Lakini mke wangu yuko Erfurt kwa masomo ya shahada ya pili, na nilipopata likizo ya wiki mbili nikamfuata, binti yetu tukamwacha kwa bibi yake. Jumamosi ya kwanza tu mwenzangu akaniamsha: "Baba watoto, vaa viatu vya kutembelea. Leo nakupeleka nyumbani kwa mama mmoja aliyezaa watoto 18."

Huwa ananiita hivyo, "Baba watoto". Na mimi huwa namtania: watoto gani hao, wakati tunaye mmoja? Asubuhi ile nikarudia utani wangu. Hakucheka. Nikadhani ni baridi.

Kasri la amani

Kutoka Erfurt mpaka Gotha ni kama dakika 20 kwa treni. Ukishuka stesheni unapanda kwa miguu, unapita bustani yenye miti mikubwa, mara unaliona juu ya kilima: kasri la Friedenstein, jeupe, refu, lenye mabawa matatu na minara miwili isiyofanana.

Lilianza kujengwa mwaka 1643, wakati Vita vya Miaka Thelathini vikiwa bado vinaitafuna Ujerumani, na likakamilika 1654. Mwenye nyumba alikuwa Duke Ernst wa Kwanza, mtawala wa nchi ndogo, tuseme kama mtemi wa huku kwetu. Watu walimpachika jina la Ernst Mcha Mungu. Juu ya lango kuu wamechongwa wanawake wawili wanaobusiana: mmoja ni Amani, mwenzake ni Haki. Yaani umetoka vitani, kitu cha kwanza unachoweka mlangoni ni busu. Hapo duke alinipata.

Na hakuwa mtu wa maneno matupu. Mwaka 1642 alitoa utaratibu wa shule kwa watoto wote katika nchi yake, wavulana kwa wasichana, mpaka wa vijijini. Mwaka 1652 alimkaribisha padri kutoka Ethiopia, Abba Gorgoryos, ambaye alikuwa akimfundisha msomi Hiob Ludolf lugha za kwao. Hebu fikiria watoto wa duke wakimchungulia mgeni Mwafrika, zaidi ya miaka 370 iliyopita!

Daftari la mke wangu

Tulikaa kwenye benchi, akatoa daftari. Alikuwa amenakili majina ya watoto wote kutoka kitabu cha maktaba. Mama yao aliitwa Elisabeth Sophie. Aliolewa 1636 akiwa na miaka 17, na mume alikuwa na miaka 34. Wa kwanza alizaliwa 1638, wa mwisho 1663. Piga hesabu: miaka 25 ya kubeba mimba, kujifungua na kunyonyesha au kumtafutia mtoto mnyonyeshaji.

Kati ya hao 18, waliofika utu uzima ni tisa. Nusu kamili. Wa kwanza, Johann Ernst, aliishi miezi miwili na siku chache. Wa mwisho, Sophie Elisabeth, aliishi siku moja.

Nikasema, "Enzi hizo walizoea." Mke wangu akaniangalia tu, akafungua ukurasa wa pili. Juu yake alikuwa ameandika: 1657.

Mwaka ule ulianza wakiwa na watoto 11 hai. Machi akazaliwa Johann Philipp, na Mei wakamzika. Kisha Desemba ikaingia ndui. Johanna, miaka 12, akafa. Wiki moja baadaye dada yake Sophie, miaka 14. Siku ya mwisho ya mwaka akafuata kaka yao mkubwa, Johann Ernst wa pili, miaka 16, ambaye ndiye angerithi utawala. Watoto watatu ndani ya mwezi mmoja, kwenye nyumba yenye kuta nene, waganga na hela. Ndui haikubisha hodi wala kuuliza mwenye nyumba ni nani. Chanjo yake ilikuja 1796, na mwaka 1980 ndipo dunia ilipotangaziwa kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Elisabeth Sophie angefanya nini?

Jina lile lile

Sasa sikiliza. Agosti 1658 akajifungua mtoto wa kiume. Ukihesabu miezi kurudi nyuma, utaona kwamba wakati wa yale mazishi ya Desemba mimba ilikuwa changa mno; pengine mama mwenyewe hajajua. Na mtoto huyo wakampa jina gani? Johann Ernst. Kwa mara ya tatu.

Kusema kweli nilikasirika. Niliona kama mtu aliyepoteza simu akanunua nyingine na kuweka laini ile ile. Na hasira ile ilikuwa na mizizi yake nyumbani. Msomaji wangu, kabla ya binti yetu tulipata mtoto wa kiume, akaishi siku mbili. Mama yangu anasisitiza kwamba tukipata wa kiume tena apewe jina lile. Mke wangu hataki. Anasema jina lina mwenyewe. Mimi nilishachagua njia yangu: kunyamaza. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, najibu mmoja, mazungumzo yanaendelea.

Nikamuuliza pale kwenye benchi: "Huyu mama aliwezaje?"

Akafikiri kidogo. "Labda hakuwa anajaza nafasi. Labda alitaka tu jina liendelee kuitwa mle ndani." Kisha akagonga daftari kwa kidole. "Lakini ona hapa. Hata aliyeishi siku moja ameandikwa, ana jina na tarehe zake. Hakuna anayesema duke alikuwa na watoto tisa. Wanasema 18."

Nikakaa kimya, ila kimya cha aina nyingine. Kumbe miaka yote ile, kila aliponiita "Baba watoto", alikuwa anahesabu. Na mimi kila mara nilikuwa nampunguzia mmoja, tena kwa kicheko.

Kitinda mimba aliyebaki

Tukateremka mjini, tukapita chemchemi za maji zilizo chini ya kilima, mpaka Margarethenkirche, kanisa alimozikwa Duke Ernst baada ya kufariki 1675. Mkewe alimfuata 1680. Mwaka huo huo wana wao saba waligawana urithi, nchi ndogo ikawa vipande saba. Koo tatu zikafutika kwa kukosa warithi wa kiume.

Na yule Johann Ernst wa tatu, wa mwisho kati ya wana saba? Alipata Saalfeld, akaishi mpaka 1729. Ukoo wa Gotha ulipokatika 1825, ni kizazi chake kilichokuja kuirithi Gotha alikozaliwa. Mjukuu wa vitukuu vyake, Albert, alimwoa Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840, na Victoria mwenyewe kwa upande wa mama alikuwa wa ukoo huo huo. Ndiyo, Victoria yule ambaye jina lake lilibandikwa kwenye ziwa letu mwaka 1858, miaka 200 kamili tangu kuzaliwa kwa mtoto wa yale machozi. Mfalme Charles wa leo naye anatokana na mtoto huyo.

Lakini sikuondoka Gotha nikiwaza wafalme. Stesheni, tukisubiri treni, mama mmoja mtu mzima alianza kuzungumza na mke wangu kwa Kijerumani. Nikashika neno moja moja. Alikuwa anauliza kuhusu watoto. Mke wangu akanigeukia, kama ananiachia zamu. Nikainua vidole viwili.

Suala la jina bado hatujaafikiana, na mama yangu bado anapiga simu. Ila usiku ule nilimwita mke wangu "Mama watoto", na hakuna aliyetania.

Ukitaka kwenda

Kwa treni kutoka Frankfurt unafika Erfurt kwa saa mbili na kitu, kisha unaunganisha kwenda Gotha. Tenga siku nzima, vaa viatu vya kupandia kilima. Ndani ya kasri usikose Ekhof-Theater, jumba la maigizo la karne ya 17 ambalo mitambo yake ya kubadilisha mandhari ingalipo. Na kama kuna jambo wewe na mwenzako mmeliacha kabatini muda mrefu, tafuteni benchi pale bustanini. Lina nafasi ya wawili.