Eyam: Kijiji Kilichojifungia Mlango

Wengi wa wasafiri wetu wendao Uingereza huijua London na barabara zake. Safari hii twawaalika wasomaji wetu twende mbali zaidi, hadi Eyam, kijiji kidogo cha nyumba za mawe baina ya vilima vya Derbyshire. Kondoo hulisha kandokando yake kwa utulivu, na mgeni apitaye kwa haraka huenda asitambue kwamba ardhi hii imebeba msiba mkubwa.

Mwaka 1665, robota la vitambaa lilifika kutoka London katika nyumba ya fundi mshoni. Yasemekana ndani yake mlikuwamo viroboto wenye tauni. George Viccars, msaidizi wa fundi, alifariki Septemba mwaka huo, na mauti yakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Juni 1666, kasisi William Mompesson na mwenziwe Thomas Stanley waliwasihi watu wasikimbie, wasije wakayapeleka maradhi kwa majirani. Wengi wakakubali, wakabaki.

Alama za ahadi ile zingali zaonekana. Kwenye njia iendayo kijiji cha Stoney Middleton pana jiwe la mpaka lenye matundu. Humo wanakijiji walitia sarafu ndani ya siki ili kuzisafisha. Majirani wakaacha chakula na kuondoka bila kukutana nao. Kanisa nalo lilifungwa, ibada ikafanyiwa bondeni mahali pa wazi, na kila nyumba ikazika maiti wake.

Tukipanda nje ya kijiji twafikia makaburi ya Riley, yaliyozungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho. Agosti 1666, katika muda wa siku nane, Elizabeth Hancock alimzika hapo mumewe na watoto wao sita, kwa mikono yake mwenyewe. Mama aliyewahi kuamka usiku kumfunika mwanawe shuka hahitaji kuelezwa zaidi.

Tauni ilipokoma, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa. Sisi Waislamu twaijua hekima hii, kwani Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tauni ikizuka mahali, asiyekuwamo asiingie, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Ni mafundisho mepesi kuyatamka. Makaburi ya Riley yatuonyesha uzito wake: kuna majirani waliolala salama kwa kuwa watu wasiowajua walikataa kufunga virago.