Nilifungua Injini Isiyo na Ugonjwa

Mimi ni fundi wa magari hapa Kamembe, wilayani Rusizi, Rwanda, na kosa ninalolishuhudia ni langu mwenyewe. Kwa miaka mingi niliiamini namba ya nguvu-farasi kama mnunuzi anavyoamini mizani ya dukani.

Imani hiyo niliirithi kwa baba. Ukutani alibandika picha ya Datsun 240Z, gari lililompa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ushindi wa Safari Rally mwaka 1973. Chini ya picha aliandika kwa kalamu: farasi 151. Basi mfanyabiashara mmoja wa Bukavu aliponivushia mpakani gari la aina hiyohiyo, akilalamika kwamba milima ya Nyungwe inalishinda, sikusita.

"Mzee, moteri imechoka," nilimwambia. "Hawa si farasi 151."

Nikaishusha, nikaifungua. Silinda zote sita zilikuwa nzima. Nikabadilisha ringi hata hivyo, nikapokea fedha, na gari likapanda Nyungwe kwa taabu ileile.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mmoja mstaafu wa ufundi. Aliuliza swali moja tu: "Fundi, farasi hao walihesabiwa wapi, na kwa njia gani?" Sikuwa na jibu.

Akanieleza kwamba zamani injini iliwekwa peke yake juu ya mashine ya kupimia, bila feni, bila altaneta, bila kichujio cha hewa, bila eksozi ya gari lenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ghafi, na 151 ni namba ya namna hiyo. Marekani ilipogeukia nguvu halisi, yaani injini ikiwa na vifaa vyake vyote, mwanya ulionekana wazi: mwaka 1971 injini ya kawaida ya Chevrolet Corvette ilitajiwa farasi 270 kwa kipimo cha kale na 210 kwa kipimo kipya. Injini ni ileile, mwaka ni uleule. Na hata hao 210 ni wa kwenye injini. Giaboksi na difu huchukua sehemu yao kabla nguvu haijafika kwenye magurudumu.

Kisha kuna hewa yetu. Namba za kiwandani hukokotolewa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Kamembe tuko karibu mita 1,600. Barabara ya Nyungwe hufika kama mita 2,500, ambako robo ya nguvu imekwisha kupotea. Na kabureta iliyopangwa kwa pwani humwaga petroli kupita kiasi huku juu, moshi ukawa mweusi. Moshi ule niliuona kwa macho yangu, nikausoma vibaya!

Mwalimu alitutuma Bugarama, ambako ardhi ya Rwanda ni ya chini kuliko kwingine kote. Tulishuka na gari lile, mimi na mwenye gari. Kwenye tambarare karibu na mashamba ya mpunga lilivuta kama limezaliwa upya. Mzee alicheka kwa furaha. Mimi nilinyamaza.

Tangu siku hiyo silinganishi tena namba mbili bila kuuliza kila moja ilipimwaje. Nissan Z ya leo ina farasi 400, nguvu halisi, na tabo zake mbili husukuma hewa nyembamba ya Nyungwe ndani ya silinda. Kwa hiyo pengo kati yake na 240Z, huku kwetu milimani, ni kubwa kuliko 400 na 151 zinavyoonyesha. Hilo halimpunguzii Mehta heshima hata kidogo, kwangu linamwongezea.

Gari la mzee nililitafutia jeti ndogo za kabureta, nikazifunga bure. Fedha za ringi nilimrudishia zote, kwa awamu tatu.