Mhandisi Aliye Chini ya Mnara

Msomaji mpenzi, ukiambiwa mtoto wa jirani ameajiriwa kuwa mhandisi wa kampuni kubwa ya teknolojia, unamwona wapi? Bila shaka unamwona Nairobi, ghorofa ya kumi, shati jeupe, kompyuta mbele yake. Tangu Microsoft ifungue kituo chake cha uhandisi jijini mwaka wa 2019, wazazi wengi wanaiombea picha hiyo.

Mdogo wangu ni mhandisi wa kampuni kubwa ya simu, lakini ofisi yake ni gari. Gari hilo humpeleka Hagadera, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka wa 1992 karibu na Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka mjini Garissa. Mama hajaridhika mpaka leo. "Nilisomesha mhandisi au nilisomesha dereva wa lori?" huuliza.

Mimi humjibu Mama hivi. Miaka ya tisini, mkimbizi aliyetaka kuzungumza na jamaa yake wa mbali alikwenda kwa mwenye taar, yaani redio ya mawasiliano. Alieleza siri za nyumba yake huku wengine wakisikia. Kisha simu ya mkono ikaja, na pesa za ndugu zikaanza kuingia humo. Mwaka wa 2016, Shirika la Chakula Duniani nalo likaanza kuwatumia wakimbizi wa Dadaab sehemu ya posho yao kwa simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Mama wa watoto sita alikwenda dukani na simu, akarudi na maziwa na viazi.

Je, mnara ukizima? Mnara mmoja hurusha mawasiliano hadi wa pili, wa pili hadi wa tatu, mpaka yafike kwenye waya mkuu. Mmoja ukikosa umeme, iliyo nyuma yake yote hunyamaza. Jenereta likiishiwa na dizeli, betri huhimili kwa saa chache tu. Hapo ndipo mdogo wangu huamshwa usiku. Lakini hawezi kuondoka vivi hivi. Barabara za huko zimewahi kutegwa mabomu, na Al-Shabaab wamelipua minara kadhaa Kaskazini Mashariki. Sharti kwanza wapatikane askari wa kumsindikiza. Wakati huo wote, mama yule yungali dukani anangoja.

Sasa sikia jambo linalonisumbua. Hatua chache kutoka kwenye mnara mmoja kuna kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Alizaliwa kambini, akafanya mtihani wa KCSE kambini, na fizikia akaipasua vizuri. Mdogo wangu anasema kijana huyo husikiliza mlio wa jenereta akajua kasoro ilipo.

Siku moja alimwuliza, "Injinia, nisomee nini niwe kama wewe?"

Mdogo wangu alikosa jibu. Tatizo halikuwa masomo. Kijana huyo hawezi kwenda hata Garissa bila kibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamfungulia mkimbizi mwenye ujuzi mlango wa ajira, lakini sheria peke yake haimfikishi mtu kwenye mahojiano ya kazi Nairobi.

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Hagadera fimbo iko karibu, ila imefungwa kamba. Kampuni inamtoa mtu mbali, kwa gari na bunduki, kuja kutazama jenereta ambalo kijana aliye jirani yake analijua kwa mlio.

Safari iliyopita mdogo wangu alimpelekea vitabu vyake vya chuo. Mama ndiye aliyevifunga kwa gazeti.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, kesho unaweza kupanda matatu ukaenda kutafuta kazi mji wowote, na njiani asikuulize mtu kibali. Usilione hilo kuwa jambo dogo.