Mabao Matatu ya Tabora

Katika shule yetu wako Waislamu na Wakristo, Wasukuma na watu wa makabila mengine, wana wa wafugaji na wana wa watumishi wa Serikali, na wote twala ugali wa sufuria moja bila neno. Jambo linalotugawa ni moja tu, nalo ni Yanga na Simba. Mimi ni mtu wa Yanga tangu utoto kwa sababu baba yangu ni mtu wa Yanga. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue anayezungumza naye ni nani.

Habari nitakayoieleza ni ya Alhamisi, Novemba 7, 2024, nilipokuwa kidato cha tatu. Siku ile Yanga walifungwa na Tabora United, kama timu hiyo ilivyoitwa wakati ule, mabao 3 kwa 1 katika uwanja wa Azam, Chamazi, ambao ndio Yanga walioutumia kuwa nyumbani kwao. Pengine wazazi wasiofuata mpira watauliza ajabu iko wapi, maana kila mchezo una mshinde. Ajabu ni hii: Yanga walikuwa mabingwa wa nchi. Walianza msimu ule kwa kushinda michezo 8 mfululizo, pamoja na ule wa Simba wa Oktoba 19, na katika michezo hiyo yote hapana aliyewafunga hata bao moja. Pamba Jiji wa Mwanza, ambao sisi wana wa wakulima wa pamba tuliwapenda kwa jina lao tu, walipigwa 4. Kisha Novemba 2 Azam wakawafunga Yanga 1 kwa 0. Tukasema ni bahati mbaya, ajali barabarani. Siku tano baadaye wakaja watu wa Tabora.

Simu haziruhusiwi shuleni kwetu, na televisheni ya bwalo hufunguliwa mwisho wa juma tu. Kwa hiyo matokeo ya katikati ya juma hutoka kwa mzee mlinzi, mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Usiku ule tulikuwa darasani kwa masomo ya jioni. Kijana mmoja akaomba ruhusa kwenda msalani, akarudi ameinua vidole vitatu. Watu wa Yanga tukatabasamu na kuendelea na madaftari. Ndipo akainua mkono wa pili wenye kidole kimoja, akatuonyesha sisi, akatingisha kichwa kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Mwalimu wa zamu hakuelewa kwa nini nusu ya darasa imeinamisha vichwa na nusu nyingine inaziba midomo.

Mjadala ulianza kwenye foleni ya uji asubuhi, ukaenda bombani, ukahamia kwenye kamba za kuanikia nguo, na hata Jumapili ulikuwa haujaisha. Ninaukumbuka vizuri kwa sababu nilikaa nikasikiliza zaidi ya kusema. Kundi la kwanza likasema kocha, Miguel Gamondi wa Argentina, amekwisha maarifa. Huyu ndiye aliyewapa Yanga ubingwa miezi michache tu nyuma, na ndiye aliyewafunga Simba 5 kwa 1 Novemba 5, 2023, lakini hapana aliyetaka kukumbuka hayo. Kundi la pili likasema uwanja wa Chamazi una mkosi. Kundi la tatu, nalo ndilo lililokuwa kubwa, likasema wachezaji wameuza mchezo. Nani ameuza? Ameuza kwa nani? Kwa kiasi gani? Hapana aliyejua. Kila mmoja alikuwa na beki wake anayemshuku.

Watu wa Simba walikuwa na arusi yao. Walipozidi, mtu wetu mmoja akasimama juu ya kiti akataja jina moja tu: Jwaneng Galaxy. Wakanyamaza. Kwa wasiojua, timu hiyo ni ya Botswana. Simba waliifunga kwao 2 kwa 0 katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika, wakarudi nyumbani kumalizia kazi. Oktoba 24, 2021, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, wakafungwa 3 kwa 1. Jumla ikawa 3 kwa 3, wageni wakapita kwa mabao mengi ya ugenini. Mimi wakati ule nilikuwa nimekwisha fanya mtihani wa darasa la saba, niko nyumbani nachunga. Nilisikia watu wa Simba wakizungumza mnadani, na maneno yao yalikuwa haya haya: kocha, mkosi, wameuza. Baada ya siku mbili kocha wao, Didier Gomes, akaondoka. Basi hata katika kulia sisi na watani wetu twafanana, ila rangi ya kitambaa cha kujifutia machozi ndiyo tofauti.

Mwalimu wetu wa hisabati alitusikia akaingia katikati. Akauliza Yanga walicheza lini na wapi. Tukamwambia: Oktoba 30 walikuwa Zanzibar, wakawafunga Singida Black Stars 1 kwa 0, Novemba 2 Azam, Novemba 7 Tabora. Akaandika ubaoni, akahesabu, akasema, "Michezo mitatu katika siku tisa. Na mchezo wa pili ulikuwaje?" Tukasema beki Ibrahim Bacca alipewa kadi nyekundu mapema, wakacheza na watu 10 muda mwingi. "Na mchezo wa tatu alikuwapo?" Hakuwapo, maana kadi nyekundu humzuia mtu mchezo unaofuata. Mwalimu akafuta ubao. "Mnatafuta mwizi katika nyumba ambayo mlango wake uko wazi," akasema, akaenda zake. Wengi hawakumsikiliza. Uchovu si habari tamu.

Babu yangu, nilipomweleza wakati wa likizo, hakushangaa hata kidogo. Yeye si mtu wa mpira. Ujanani mwake alikuwa mcheza ngoma wa Bagika, na wapinzani wao walikuwa Bagalu. Wasukuma watakaosoma hapa wanajua, lakini kwa wengine nieleze kwamba vyama hivi viwili vya ngoma vimeshindana tangu enzi za mababu, na mashindano yao hufanywa kila chama upande wake wa uwanja. Chama kinachovuta watazamaji wengi ndicho mshindi. Nikamwuliza, "Babu, mlipokimbiwa na watu mlisema nini?" Akacheka. "Mjukuu wangu, tulisema wametupiga dawa. Siku zote dawa. Miaka yote ile sikumsikia mtu wa Bagika akisema kwamba Bagalu siku hiyo walicheza vizuri." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Lakini kabla ya babu kusema hivyo, alikuwa amekwisha sema mtu mwingine bwenini kwetu. Mwanafunzi mmoja anatoka wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora. Kisukuma chetu na Kinyamwezi chao vyaelekeana, kwa hiyo tunamwita ndugu. Tangu Alhamisi hakushangilia wala hakubishana. Jumamosi jioni, watu wakiwa wamefikia jina la beki wa nne wa kushukiwa, akasema polepole, "Siku tatu mmeuliza nani aliwafungisha Yanga. Hapana hata mmoja aliyeuliza nani alifunga."

Ikawa kimya. Kwa hakika wengi walikuwa hawajui. Akatwambia: mabao mawili ni ya Offen Chikola, la tatu la Nelson Munganga, na la Yanga alilifunga Clement Mzize mwishoni kabisa. Kisha akatukumbusha jambo ambalo mimi naona ndilo kiini cha habari yote. Agosti 16, 2023, timu hiyo ya Tabora, iliyopanda daraja kwa jina la Kitayosce, ilikwenda uwanja huo huo wa Chamazi kucheza na Azam mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu. Ilikuwa na matatizo ya kusajili wachezaji, ikaingia uwanjani na watu 8 tu. Mapema tu ilikwisha fungwa 4, wachezaji wakapungua chini ya 7, mwamuzi akavunja mchezo. Nchi nzima ilicheka. Msimu ule ikaponea chupuchupu kushuka daraja, kwa michezo ya mchujo. "Mimi nilichekwa shule nzima," akasema. "Sasa wamerudi pale pale wakiwa 11, wamemfunga bingwa 3, na bado mwasema ni mabeki wa Yanga waliotaka."

Sijui wengine waliona nini. Mimi niliona kwamba neno "wameuza" linaumiza pande mbili kwa pigo moja. Linamwibia mshindi jasho lake, na linamvika aliyeshindwa nguo ya mwizi. Kwa timu za Dar es Salaam huenda madhara si makubwa, maana wachezaji wake hawatusikii. Lakini neno hilo likikwisha zoeleka kinywani halikai Dar es Salaam.

Mwezi wa Machi, 2025, timu yetu ya shule ilicheza hapa nyumbani na shule moja ya kata, ya kutwa, ambayo tulikuwa hatujapata kufungwa nayo. Tukafungwa 2 kwa 0. Bao la kwanza lilikuwa la kichwa kutokana na kona, na la pili vile vile. Usiku huo huo mjadala ukawaka kama ule wa Novemba, na kwa kuwa hatukuwa na kocha wa kumfukuza, ukamwangukia kipa. Ikasemekana ana binamu katika shule ile. Ni kweli anaye, yuko kidato cha kwanza na hachezi mpira. Kesho yake ikasemekana alionekana akinywa soda. Kufika Jumatano wakampa jina la "Duka", yaani mahali pa kuuzia, na mtu akaliandika kwa misumari ubavuni mwa ndoo yake.

Kipa huyo analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Sikuliamini neno lile na niliwaambia wenzangu hivyo, lakini sauti moja katika bweni la watu 60 ni kama nzi katika ngoma. Yeye hakujitetea. Alirudisha glavu kwa mwalimu wa michezo, akaacha. Akawa anakwenda kuteka maji alfajiri, kabla ya kengele, ili asipange foleni na watu. Tangu hapo golini anasimama kijana wa kidato cha pili, mwenye moyo mzuri na mikono mifupi.

Mwezi wa Mei nilitumwa mjini Bariadi, na sokoni nikakutana na yule kijana mrefu aliyetufunga kwa kichwa. Tukasalimiana, nikamnunulia muwa, nikamwuliza lile swali la mtu wa Nzega: mlifungaje? Akanieleza bila kujivuna. Wenzake watatu walikuja kututazama tulipocheza na shule nyingine, wakaona kwamba kipa wetu kwenye kona hubaki mstarini, na kwamba mabeki wetu hukimbilia mpira wote kwa pamoja wakaacha nyuma wazi. Basi kwa majuma mawili wakafanya mazoezi ya kona tu, saa kumi na mbili asubuhi kabla ya darasa, na yeye hutembea mwendo wa saa nzima kufika shuleni. Niliporudi niliyasimulia hayo bwenini. Baadhi walinielewa. Mmoja akauliza kama na mimi nimenunuliwa muwa.

Turudi kwa Yanga. Baada ya mchezo wa Tabora waliacha uwanja wa Chamazi wakahamia ule wa KMC, na Novemba 15 Gamondi akaondolewa, akaja Sead Ramovic wa Ujerumani. Kocha mpya, uwanja mwingine. Na Novemba 26 wakafungwa tena hapa nchini, 2 kwa 0, na Al Hilal ya Sudan katika mashindano ya Afrika. Hata hivyo katika ligi hawakufungwa tena. Walimaliza Juni 25, 2025 kwa kuwafunga Simba 2 kwa 0, wakawa mabingwa kwa pointi 82: michezo 30, kushinda 27, sare 1, kufungwa 2. Kufungwa 2 katika msimu mzima, na ni zile zile za juma moja la Novemba. Wauzaji wetu walikuwa na biashara ya siku tano tu.

Mwezi wa Julai ikaja habari kwamba Yanga wamemsajili Offen Chikola. Watu waliokuwa hawalijui jina lake Novemba wakaliimba hadi taa zikazimwa. Ndugu yetu wa Nzega akangoja watulie, akauliza, "Haya, nani ameuza na nani amenunua?" Hata watu wa Simba walicheka siku hiyo.

Sisi wa kidato cha nne tumebakiza majuma machache kabla ya mtihani wa taifa, na mwalimu wa michezo amepanga turudiane na ile shule ya kata, safari hii uwanjani kwao. Amemwomba kipa wa zamani arudi kwa mchezo huo mmoja. Mpaka ninapoandika hajajibu. Ila juzi nilimwona ameketi nyuma ya bweni akiipaka ndoo yake rangi ya buluu, na jana jioni aliniomba nimpigie mipira ya kona.