Dira, kitanda na hitilafu ya mwaka mmoja

Mniwie radhi kwa kimya kirefu. Nilikuwa nahama, na anayehama Nairobi hana muda wa kuandika chochote isipokuwa orodha ya vyombo vilivyovunjika njiani.

Tangu nimalize digrii yangu ya sayansi ya tarakilishi nilikuwa nakaa na kakangu mkubwa. Mwanzoni mwa 2025 yeye akaoa, nami nikachumbia, kwa hivyo ilinibidi nitafute nyumba ambayo mchumba wangu ataingia tukishafunga ndoa. Mwezi wa Agosti nikaipata South B: vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, maji ya kisima, intaneti ya waya hadi sebuleni, shilingi 35,000 kwa mwezi. Keateka akaniambia kuna mtu mwingine anaitaka, kwa hivyo nilete kodi na depositi, jumla 70,000, kabla ya Ijumaa. (Huyo mtu mwingine huwapo kila mara, mmeshawahi kumwona?)

Nikamleta mchumba wangu Jumatano. Alisimama langoni, akageuka akaitazama barabara, akasema: "Hapa mimi silali."

Jengo lile liko mahali barabara inapoishia. Barabara inakuja moja kwa moja hadi ukutani, kisha inagawanyika kushoto na kulia. Mwenzangu alisoma Kichina katika Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa 2005, na siku hizi anawatafsiria wafanyabiashara. Huko kwenye Kichina ndiko alikookota feng shui. Maana ya neno lenyewe ni "upepo-maji" tu. Ni elimu ya kale ya kuchagua mahali pa kukaa, na kabla ya hapo mahali pa kuzika, kwani kitabu kinachotajwa sana, kile kinachohusishwa na Guo Pu aliyefariki mwaka 324, kinahusu makaburi. Kwa mujibu wa elimu hiyo, nyumba iliyotazamana na barabara inayoijia kama mkuki hupigwa na nguvu mbaya mchana na usiku.

Mimi nikacheka. Kosa la kwanza hilo.

Tuligombana hadi kituo cha matatu. Nikamwambia siwezi kupoteza nyumba nzuri kwa sababu ya mkuki usioonekana. Akanijibu kwamba mimi hushinda nikitii sheria nisizozielewa, mradi tu zimeandikwa na mtu wa California. Usiku ule sikulala. Nikafanya anachofanya kila mwanaprogramu aliyeshindwa kwa maneno: nikafungua Python.

Hapa niwaeleze kidogo maana ndipo penye utamu. Kuna tapo moja la feng shui linaloitwa Ba Zhai, yaani nyumba nane. Kila mtu ana namba yake, kua, inayotokana na mwaka wa kuzaliwa. Ukiwa mwanamume uliyezaliwa kabla ya 2000, unajumlisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka mpaka ibaki moja, kisha unaitoa kwenye 10. Mwanamke anaijumlisha na 5, halafu anaipunguza tena ibaki tarakimu moja. Ikitoka 5, mwanamume anapewa 2 na mwanamke 8. Waliozaliwa 2000 na kuendelea wanatumia 9 na 6 badala ya 10 na 5. Kila namba ina pande nne nzuri na nne mbaya za kuelekeza kichwa cha kitanda au mlango.

Nilidhani nitaandika jedwali refu la safu nane kwa nane. Wapi! Kila namba ina alama ya mistari mitatu, kila mstari mzima au uliokatika, na kila upande wa dira una alama kama hizo hizo. Kwa lugha yetu hizo ni biti tatu. Unachukua biti za mtu na biti za upande, unafanya XOR, na jibu ndilo linalokuambia upande huo ni wa aina gani. Ukibadilika mstari wa juu peke yake, huo ndio upande bora kabisa. Ukibadilika wa kati peke yake, huo ndio mbaya kuliko yote. Wachina walikuwa na mistari hiyo karne nyingi kabla Leibniz hajachapisha makala yake ya hesabu za msingi wa mbili mwaka 1703, na yeye mwenyewe aliitaja humo. Nilibaki nimekodolea skrini saa nane za usiku, nimesahau hata ugomvi.

Nikaingiza miaka yetu. Mimi wa 1998: 9 na 8 ni 17, 1 na 7 ni 8, kumi toa nane, 2. Yeye wa Mei 1999: 18, kisha 9, jumlisha 5 ni 14, yaani 5, kwa hivyo 8. Na 2 na 8 ziko kundi moja, la magharibi! Chumba kile cha South B kilikuwa na ukuta mmoja tu unaofaa kitanda, na ulikuwa magharibi. Upande mzuri kwangu, mzuri kwake. Nikampelekea picha ya skrini pamoja na vikatuni vya kucheka. Nilikuwa nimemshinda kwa silaha yake mwenyewe :-)

Akanipigia asubuhi. Aliuliza swali moja tu: "Wewe ulizaliwa mwezi gani?"

Tarehe 19 Januari. Na mwaka wa hesabu hiyo hauanzi Januari mosi. Unaanza tarehe 4 Februari au hapo karibu, jua linapofika mahali Wachina wanapopaita mwanzo wa majira ya kuchipua. Kwa hesabu yao mimi ni wa 1997. 9 na 7 ni 16, 1 na 6 ni 7, kumi toa saba, 3. Kundi la mashariki. Na kwa namba 3, magharibi si upande mbaya tu, ni ule wenyewe wa mstari wa kati, ambao jina lake la Kichina lina maana ya kukatika kwa uhai.

Hitilafu ya mwaka mmoja. Kazini nimewahi kumsuta mwenzangu mbele ya watu kwa kosa kama hilo.

Nikamwomba radhi, nikamwambia bado siamini, lakini nitakwenda South B usiku nikaangalie peke yangu. Alhamisi saa mbili nikamwomba keateka anifungulie, nikakaa sakafuni katika chumba cha kulala bila taa. Kila gari lililopanda ile barabara lilimulika dirishani, mwanga ukapita ukutani pale pale nilipopanga kuweka vichwa vyetu. Pikipiki zilikuwa zikipunguza gia chini ya dirisha. Lori moja lilikosa breki kidogo, likasimama hatua chache kutoka ukutani, na keateka hakushtuka hata kidogo. "Huwa yanasimama," akasema. Sikulipa zile 70,000.

Tulipata nyingine, Donholm, ndogo zaidi, kwa 30,000. Safari hii nilipima mwenyewe kwa dira ya simu. Mlangoni ilisoma nyuzi 251, hatua tatu ndani ikasoma 279. Mlango wa chuma, nondo za zege, spika ya jirani, vyote vinavuta sumaku. Pimeni katikati ya chumba, au bora zaidi nje, kisha mlinganishe na ramani.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya feng shui havitakuambia. China nyumba hutazama kusini kwa sababu ya maana kabisa: jua la baridi liko kusini na upepo mkali unatoka kaskazini. Nairobi iko kiasi cha digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua letu liko kaskazini, Desemba liko kusini. Dirisha la kuogopa hapa ni la magharibi, linalooka chumba kuanzia saa tisa alasiri. Ningeweza kubadilisha programu ilingane na ikweta, lakini sijui nani angenipa idhini.

Nilimpigia mamangu Mombasa nikamsimulia kila kitu. Akanisikiliza, kisha akauliza: "Choo kimeelekea kibla?" Nikatoka kwenda kupima. Kutoka Nairobi kibla ni karibu kaskazini kabisa. Choo kimetazama mashariki. Akasema alhamdulillahi, na nyanyangu nyuma yake akauliza kama mtu wa nje mlango ukiwa wazi anaona hadi chumbani. Nyumba yao ya Mji wa Kale ina daka, na ukiingia unapinda kwanza ndipo uone watu. Mchumba wangu alipoambiwa hayo alitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Ama kitanda, programu ilikwisha kutoa hukumu: yeye 8, mimi 3, makundi mawili tofauti, hakuna hata upande mmoja kati ya minane unaotufaa sote wawili. Tumekiweka mahali unapouona mlango bila kulala ukiwa umenyooka nao. Meza yangu ya kazi nayo nimeigeuza nisiupe mlango mgongo, na tangu hapo siruki tena mtu akiingia nikiwa nimevaa vipokea sauti.

Programu yenyewe nimeirekebisha, imebaki hitilafu moja. Rafiki wa kakangu alizaliwa Nairobi tarehe 4 Februari, na China iko saa tano mbele yetu. Mwaka wake uhesabiwe kwa saa ya Beijing au ya hapa? Mchumba wangu anasema ya hapa. Mimi bado nabishana naye.