Kilio Bila Matanga

Usiku wa tarehe 27 Aprili 2018, kando ya Roxas Boulevard jijini Manila, serikali ilileta mitambo ikang'oa sanamu ya shaba ya mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, kavaa vazi la jadi la Kifilipino. Haikuwa imetimiza hata miezi mitano tangu izinduliwe. Eti palikuwa na kazi ya mfereji. Baadaye mchongaji wake akasema imeibwa.

Sanamu ile ilikuwa ya akina bibi waliotumikishwa kingono na jeshi la Japani katika Vita Kuu ya Pili. Kwetu aliyefiwa hukaliwa matanga, watu wakaja, kisha tanga likaanuliwa. Msichana aliyenyang'anywa usichana wake nani amkalie matanga? Wengi wao walinyamaza karibu miaka hamsini, wakaolewa, wakalea.

Ukimya huo ulivunjwa kutoka ng'ambo. Agosti 1991, mjini Seoul, Kim Hak-sun, aliyetumikishwa vivyo hivyo, alijitokeza hadharani kwa jina na sura yake. Mwaka uliofuata wanaharakati wa Manila wakatoa tangazo redioni kuwaomba walionusurika wajitokeze. Maria Rosa Henson, ambaye akiwa binti mdogo alifungiwa na wanajeshi kwa miezi tisa, alilisikia. Septemba 1992 akawa Mfilipino wa kwanza kusema hadharani, na wengine wakamfuata. Kwa hiyo nikisikia mtu akidai kwamba ufeministi wa kimataifa ni mambo ya mikutano ya hotelini tu, humfikiria mama huyu na redio yake.

Umoja wa akina bibi hao nao ulitikiswa. Mwaka 1995 Japani ilianzisha mfuko wa kuwalipa akina bibi, lakini fedha za kuwafidia zilitokana na michango ya wananchi. Kuna waliozikataa wakisema dola ndiyo yenye deni. Rosa Henson alipokea mwaka 1996, akafariki mwaka uliofuata. Simlaumu yeyote kati yao. Mzee mgonjwa hali msimamo.

Kisa cha kijiji cha Mapaniqui, mkoani Pampanga, ndicho kinachoniuma zaidi. Tarehe 23 Novemba 1944 wanajeshi walikivamia, wakaua wanaume, wakawapeleka wanawake kwenye jumba liitwalo Nyumba Nyekundu na kuwabaka. Walionusurika walianzisha chama chao, Malaya Lolas, wakaiomba Mahakama ya Juu ya nchi yao iilazimishe serikali kubeba dai lao mbele ya Japani. Mwaka 2010 walishindwa. Na kana kwamba hilo halikutosha, hukumu yenyewe ikazua tuhuma kwamba ilinakili maandishi ya wasomi wa nje bila kuwataja.

Wanachama 24 wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake. Machi 2023 kamati ikatamka kwamba Ufilipino iliwabagua: maveterani wa vita, wengi wao wanaume, hutunzwa na serikali, ilhali wanawake hawa hawakupata matunzo ya aina hiyo. Ikapendekeza walipwe fidia na kuombwa radhi.

Isabelita Vinuya, aliyekiongoza chama hicho na ambaye kesi ya mahakamani ilibeba jina lake, alikuwa amefariki mwaka 2021. Serikali zote mbili, ya Japani na ya Ufilipino, zinajua umri wa waliobaki. Kuendelea kuwachelewesha ni kuamua kwamba hawatalipwa.