Jongoo wa Bamburi

Mimi nilikwenda Haller Park kumwona Owen, yule kiboko aliyeokolewa baharini Desemba 2004 akajibandika kwa kobe aitwaye Mzee. Babu hakuwa na haja naye. Alisimama chini ya mivinje, macho yakitafuta ukuta wa shimo.

"Hapa tulichimba mawe ya saruji. Hata nyasi haikuwepo."

Nilidhani anatia chumvi. Kumbe ukweli mtupu. René Haller alipoanza kupanda hapo mwaka 1971, alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu. Mvinje ulikubali, lakini majani yake yakarundikana bila kuoza, mpaka yakaletwa majongoo kuyala. Walichokinya kikawa udongo. Yaani msitu mzima umesimama juu ya mavi ya jongoo! (Na mimi nyumbani nawafagia nje.)

Babu, ambaye miaka yote alituambia kazi yake ilikuwa kuharibu tu, aliinama kwa shida, akachota kiganja, akanusa.

"Mweusi," akasema. Akautia mfukoni mwa shati.

Getini nilinyamaza. Kiboko hatukumwona.